Ugonjwa sugu wa mapafu: Gharama iko kitandani, si kwenye dawa

Na Mwandishi Wetu

FAMILIA inayomfikisha hospitalini mzee anayehema kwa shida usiku wa manane huwa na swali moja la fedha: dawa zitagharimu kiasi gani?

Ni swali la haki, lakini haligusi kiini cha bili. Kwa mgonjwa wa ugonjwa sugu wa mapafu aliyezidiwa, dawa ni sehemu ndogo ya gharama. Kinachokula fedha ni siku atakazolala, oksijeni atakayovuta mchana na usiku na, kwa aliyechelewa kufikishwa, mashine ya kupumulia. Hesabu hiyo huamuliwa zaidi na mambo yaliyotokea kabla hajafika mapokezi, na yatakayotokea baada ya kuruhusiwa kurudi nyumbani.

Ugonjwa unaozungumziwa hapa ni ule ambao madaktari huuita kwa kifupi COPD. Njia za hewa husinyaa na kujaa makohozi, na vifuko vidogo vya hewa ndani ya mapafu huharibika. Uharibifu huo haurudi nyuma. Mitaani wengi huuita pumu, na wagonjwa wengi huishi nao miaka mingi wakiamini kuwa wana pumu ya uzeeni. Tofauti kubwa ni kwamba mwenye pumu anaweza kurudia hali ya kawaida kati ya shambulio moja na jingine, ilhali mwenye COPD hubaki na upungufu wa pumzi siku zote, hata siku anayojiona mzima.

Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani (WHO), ugonjwa huu uliua watu takriban milioni 3.5 mwaka 2021, sawa na asilimia 5 ya vifo vyote duniani. Kati ya waliokufa kabla ya kutimiza miaka 70, karibu asilimia 90 walikuwa katika nchi za kipato cha chini na cha kati.

Ulaya na Marekani sigara ndiyo chanzo kikuu. Katika eneo letu sigara imo, lakini haiko peke yake. Upo moshi wa kuni na mkaa jikoni, vumbi la migodini na viwandani, na makovu yanayoachwa na kifua kikuu hata baada ya mgonjwa kumaliza dozi na kupona. Utafiti uliofanywa katika wilaya ya Masindi nchini Uganda na kuchapishwa mwaka 2015 ulikuta ugonjwa huu kwa asilimia 16.2 ya watu waliopimwa wenye umri wa zaidi ya miaka 30. Sehemu kubwa ya waliokutwa nao walikuwa bado hawajafikisha miaka 40, na karibu wote walikuwa wakiishi na moshi wa kuni. Hawa si wazee. Ni watu wanaotegemewa na familia zao.

Kuzidiwa ni nini

Mgonjwa wa COPD huwa na hali yake ya kila siku: anakohoa, anapanda ngazi kwa kupumzika, lakini anaishi. Kuzidiwa ni pale hali hiyo inapobadilika ndani ya siku chache kupita kiwango alichokizoea. Pumzi inakuwa fupi zaidi, kikohozi kinaongezeka, makohozi yanakuwa mengi au yanageuka rangi kuwa ya kijani au manjano. Mara nyingi chanzo ni virusi vya mafua au bakteria, na wakati mwingine ni moshi na hewa chafu.

Madaktari huyagawa matukio haya kwa namna yanavyotibiwa. Kuzidiwa kidogo hutibiwa kwa kuongeza dozi za dawa ya kuvuta kwa mdomo, ile ambayo wengi huiita inhela au pampu. Kiwango cha kati huhitaji vidonge vya prednisolone, au antibiotiki, au vyote viwili, na mgonjwa hurudi kulala kwake. Kiwango cha juu ni kile kinachomlazimu mgonjwa kulazwa.

Tofauti ya gharama kati ya viwango hivyo ni kubwa kuliko wengi wanavyodhani. Hesabu zilizo wazi zaidi zimefanywa katika nchi zenye kumbukumbu kamili za malipo ya hospitali, na mojawapo ni Sweden. Watafiti wa huko walichapisha mwaka 2002 gharama ya kila tukio: kuzidiwa kidogo kulikuwa na gharama ya wastani ya krona 120, kati ya kidogo na wastani krona 354, kiwango cha kati krona 2,111, na kiwango cha juu krona 21,852.

Msomaji azitazame namba mbili za mwisho. Mgonjwa yule yule, mwenye ugonjwa ule ule, anapovuka mstari kutoka kutibiwa na kurudi nyumbani hadi kulazwa, gharama hupanda zaidi ya mara 10. Bei za Sweden haziwezi kuwa za Dar es Salaam, lakini sababu ya kupanda huko ni ya kila mahali: kitanda, muuguzi wa zamu, oksijeni na vipimo hulipiwa kwa siku, wakati vidonge hulipiwa mara moja.

Mwaka huo huo wa 2002 ulichapishwa utafiti wa Hispania uliofuatilia kwa mwezi mmoja wagonjwa 2,414 waliozidiwa na kuanza kutibiwa na madaktari wa kawaida wa mitaani. Wengi walipata nafuu. Waliorudi kwa sababu matibabu ya kwanza hayakufanikiwa walikuwa 507, na kati yao waliolazwa walikuwa 84 tu. Hao 84, ambao ni chini ya wagonjwa 4 katika kila 100, walichukua asilimia 58 ya gharama yote. Watafiti walikadiria kwamba kama walioshindwa kupona kwa matibabu ya kwanza wangepungua kwa nusu, gharama ya wastani kwa kila mgonjwa ingeshuka kwa theluthi moja.

Dawa zilizomo kwenye bili

Tuanze na kile ambacho familia huogopa zaidi, kisha tuone ukubwa wake. Matibabu ya msingi ya mgonjwa aliyezidiwa hayajabadilika sana kwa miongo kadhaa: salbutamol na ipratropium za kufungua njia za hewa, prednisolone ya kutuliza uvimbe, na antibiotiki pale makohozi yanapoonyesha dalili za usaha. Nyingi ni dawa za zamani zinazotengenezwa na viwanda vingi, na ndiyo sababu bei zake si za kutisha.

Kuhusu prednisolone kuna jambo ambalo kila anayeuguza angefaa kulijua. Kwa miaka mingi hospitali zilikuwa zikiitoa kwa wiki mbili. Mwaka 2013 ulichapishwa utafiti wa hospitali 5 za Uswisi, uliowagawa wagonjwa 314 katika makundi mawili: wa siku 5 na wa siku 14, dozi ikiwa miligramu 40 kwa siku. Katika miezi 6 iliyofuata, waliozidiwa tena walikuwa asilimia 35.9 katika kundi la siku 5 na asilimia 36.8 katika kundi la siku 14. Hakukuwa na faida yoyote ya kuongeza siku.

Kwa vidonge vya miligramu 5, hayo ni tofauti kati ya vidonge 40 na vidonge 112. Fedha inayookolewa kwenye vidonge ni ndogo. Kilicho kikubwa ni sukari inayopanda, mifupa inayodhoofika na maambukizi mapya, ambayo yote humrudisha mgonjwa hospitalini kwa sababu nyingine.

Lipo pia suala la sindano. Kwetu mgonjwa ambaye hajachomwa sindano wala kutundikiwa dripu huonekana kama hajatibiwa, na ndugu wapo wanaomlalamikia muuguzi kwa jambo hilo. Utafiti wa Uholanzi wa mwaka 2007 ulionyesha kuwa prednisolone ya kumeza hufanya kazi sawa na ile ya mshipani kwa wagonjwa hawa waliolazwa, ilimradi mgonjwa anaweza kumeza. Dripu isiyohitajika huongeza kwenye bili kanula, maji, mipira na muda wa muuguzi, na humfunga mgonjwa kitandani wakati ambao angepaswa kuanza kutembea.

Hali ni hiyo kwa mashine ya kugeuza dawa kuwa mvuke. Ni kifaa kizuri kwa mgonjwa aliyechoka sana, asiyeweza kuvuta kwa nguvu. Lakini kwa wengi, inhela ya kawaida iliyounganishwa na chemba ya plastiki huleta matokeo yanayolingana. Chemba ya dukani ikikosekana, upo ushahidi kutoka Afrika Kusini: mwaka 1999 daktari Heather Zar na wenzake wa Cape Town walionyesha, kwa watoto wenye shambulio la pumu, kuwa chupa ya plastiki ya mililita 500 iliyotobolewa kitako na kubandikwa inhela kwa usahihi ilifanya kazi kama chemba ya kiwandani. Ulikuwa utafiti wa watoto wenye pumu na si wazee wenye COPD, na mgonjwa asijitengenezee bila kuelekezwa na mhudumu wa afya. Hata hivyo, unaonyesha kwamba kifaa ghali si lazima kiwe ndicho kinachofikisha dawa kwenye mapafu.

Oksijeni: Kidogo hutosha

Oksijeni ndiyo dawa ambayo bili yake huenda pamoja na saa. Hesabu yake ni rahisi. Mtungi mkubwa wa hospitali, ule unaokaribia kimo cha mtu, hubeba takriban lita 6,800 za gesi. Mgonjwa anayepewa lita 2 kwa dakika hutumia lita 2,880 kwa siku, hivyo mtungi humtosha kwa siku mbili na zaidi kidogo. Akifunguliwa lita 6 kwa dakika, atatumia lita 8,640, na mtungi hautamaliza siku.

Wakati wa janga la corona, Watanzania wengi walijifunza hesabu hiyo kwa machungu. Kutokana na mkopo wa Shirika la Fedha la Kimataifa (IMF) wa mwaka 2021, Serikali ilitenga fedha kwa ajili ya mitambo ya kuzalisha oksijeni, idara za dharura na vyumba vya wagonjwa mahututi. Uwekezaji huo ulikusudiwa kwa corona, lakini mgonjwa wa COPD ni miongoni mwa wanaofaidika nao zaidi, kwa kuwa yeye huhitaji oksijeni kila mwaka, kuwepo au kusiwepo janga.

Kwa mgonjwa huyu, hata hivyo, oksijeni nyingi si wema. Mapafu yaliyoharibika kwa muda mrefu hushindwa kutoa hewa chafu ya kaboni, na oksijeni ikizidi, hewa hiyo hujikusanya kwenye damu, mgonjwa husinzia na hatimaye hupumua kwa tabu zaidi. Ndiyo maana mwongozo wa Uingereza wa mwaka 2008 uliweka lengo la asilimia 88 hadi 92 kwenye kile kipimo kidogo cha kidoleni, wakati mgonjwa wa kawaida hulengwa kwenye asilimia 94 hadi 98.

Lengo hilo lilipata uthibitisho kutoka Hobart, katika kisiwa cha Tasmania nchini Australia. Huko, wahudumu wa magari ya wagonjwa waligawanywa: baadhi walitoa oksijeni kwa wingi kama ilivyokuwa desturi, wengine kwa kupima. Matokeo yalichapishwa mwaka 2010. Miongoni mwa waliothibitishwa kuwa na COPD, waliofariki walikuwa asilimia 9 kwa waliopewa nyingi na asilimia 2 kwa waliopimiwa.

Kwa upande wa fedha, maana yake ni kwamba bomba lililofunguliwa mno humaliza mtungi haraka na papo hapo linaweza kumsukuma mgonjwa kwenye mashine. Ndugu anayeona bomba limepunguzwa na kudhani hospitali inabana matumizi anakosea. Kipimo cha kidoleni ndicho cha kuulizia.

Mashine ya kupumulia

Hapa ndipo bili hubadilika sura. Mgonjwa akifika akiwa amechoka kiasi kwamba hewa chafu imejaa kwenye damu, kuna njia mbili za kumsaidia kupumua. Ya kwanza ni mashine inayosukuma hewa kupitia barakoa iliyofungwa usoni. Mgonjwa huwa macho, huweza kuzungumza maneno machache, na anaweza kuhudumiwa katika wodi yenye wauguzi waliofunzwa. Ya pili ni kulazwa usingizi na kuingizwa mrija kooni katika chumba cha wagonjwa mahututi, ambako muuguzi mmoja huangalia mgonjwa mmoja au wawili, dawa za usingizi hutiririka saa zote, na vipimo vya damu hurudiwa mara kwa mara.

Hospitali 14 za Uingereza zilishiriki katika utafiti uliochapishwa mwaka 2000, ukihusisha wagonjwa 236. Nusu walipata matibabu ya kawaida wodini, nusu wakaongezewa mashine ya barakoa. Waliofariki hospitalini walikuwa asilimia 20 katika kundi la kwanza na asilimia 10 katika kundi la pili. Watafiti walipofanya hesabu za fedha miaka mitatu baadaye, walikuta kuwa mashine hiyo haikuongeza gharama. Ilipunguza, kwa sababu wagonjwa wachache zaidi waliishia kwenye chumba cha mahututi.

Ni nadra katika tiba kupata kitu kinachopunguza vifo kwa nusu na kubana matumizi kwa pamoja. Mashine hii ni mojawapo. Lakini ina sharti moja: mgonjwa afike mapema, akiwa bado ana fahamu za kushirikiana na barakoa. Aliyekaa nyumbani siku nne akisubiri mafua yapite, au akingoja mtoto wa mjini atume nauli, mara nyingi hupitwa na nafasi hiyo.

Nani hulipa

Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya ulianza kazi mwaka 2001 kwa watumishi wa umma, kisha ukafungua milango kwa makundi mengine. Bunge lilipopitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwaka 2023, Watanzania waliokuwa na bima ya aina yoyote walikuwa takriban asilimia 15. Waliobaki walikuwa wakilipa mfukoni.

Upo pia utaratibu wa msamaha kwa wazee wa miaka 60 na zaidi wasio na uwezo, uliomo katika Sera ya Afya ya mwaka 2007. Kwa wagonjwa wa COPD, ambao wengi ni watu wazima sana, msamaha huo una maana kubwa. Udhaifu wake unafahamika kwa kila aliyewahi kukaa kwenye benchi la hospitali: kitanda na kumwona daktari vyaweza kuwa bure, lakini dawa ikikosekana kwenye dirisha la hospitali, mzee huandikiwa karatasi aende kununua nje.

Hapo ndipo ninapoona kasoro ya hesabu zetu. Inhela ya kumkinga mzee asizidiwe hununuliwa na familia, na ikishindwa kuinunua, kitanda cha wiki nzima hulipiwa na mfuko au hospitali. Kila upande unabana upande wake, na jumla inaongezeka.

Gharama ambayo haiandikwi kwenye bili yoyote ni ya muuguzaji. Mgonjwa mmoja wodini humaanisha ndugu mmoja au wawili wanaoacha biashara au kibarua, nauli ya daladala asubuhi na jioni, na chakula kinachopikwa nyumbani na kubebwa kwenye hotpoti. Kwa mama ntilie au fundi, wiki ya kuuguza ni wiki bila kipato.

Kurudi tena wodini

Nchini Marekani, uchunguzi wa kumbukumbu za Medicare, yaani bima ya umma ya wazee, uliochapishwa mwaka 2009, ulikuta kuwa asilimia 22.6 ya waliolazwa kwa COPD walirudi hospitalini ndani ya siku 30. Kuanzia Oktoba 2014, ugonjwa huu uliingizwa kwenye mpango wa kuzikata malipo hospitali ambazo wagonjwa wake wanarudi kuliko inavyotarajiwa. Mpango huo umekuwa na mjadala mkali, kwa kuwa hospitali za maeneo maskini hupata wagonjwa wanaorudi kwa sababu za umaskini, wala si kwa uzembe wa madaktari.

Namba zinazosikitisha zaidi zilitoka jimbo la Quebec nchini Canada mwaka 2012, ambako watafiti walifuatilia wagonjwa 73,106 tangu walipolazwa kwa mara ya kwanza. Nusu yao walikuwa wamefariki ndani ya takriban miaka 3 na miezi 7. Miongoni mwa walioendelea kulazwa, muda kati ya mara ya kwanza na ya pili ulikuwa wa kati wa miaka mitano. Kati ya mara ya tisa na ya kumi ulikuwa chini ya miezi minne.

Kwa maneno mengine, kila kulazwa huivuta karibu safari inayofuata. Mfuko unaoweza kumzuia mgonjwa asilazwe mara ya pili huokoa pia mara ya tatu na ya nne.

Kuhusu namna ya kuzuia, ushahidi si wa upande mmoja, na afadhali usemwe wote. Utafiti wa Quebec wa mwaka 2003, wenye wagonjwa 191, uliwafundisha wagonjwa kuutambua ugonjwa wao, kutumia inhela sawasawa na kuanza vidonge mapema dalili zinapobadilika, huku muuguzi akiwafuatilia kwa karibu. Kulazwa kwa sababu ya kuzidiwa kulipungua kwa karibu asilimia 40. Lakini mwaka 2012 utafiti wa hospitali za maveterani wa Marekani, uliokuwa na mpango unaofanana na huo, ulisimamishwa kabla ya wakati: waliofundishwa walikuwa wamefariki 28, na wasiofundishwa 10. Sababu haikufahamika kikamilifu. Kwa hiyo anayempa mzee pakiti ya vidonge na karatasi ya maelekezo, kisha akaishia hapo, asidhani kuwa amefanya kilichofanyika Quebec.

Kuacha sigara kunabaki kuwa hatua yenye faida kubwa kuliko zote kwa mvutaji. Kwa asiyevuta, jiko ndilo la kutazamwa. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia uliozinduliwa Mei 2024 umelenga asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati hiyo ifikapo mwaka 2034. Mapafu yaliyokwisha kuharibika hayataponywa na jiko la gesi, ila moshi ukiondoka, sababu moja ya kuzidiwa nayo huondoka.

Mazoezi ya kupumua na kutembea chini ya uangalizi ni tiba isiyohitaji kiwanda. Mwaka 2020 ulichapishwa uchunguzi wa wagonjwa zaidi ya 197,000 wa Medicare waliotoka hospitalini kwa COPD: walioanza mazoezi hayo ndani ya siku 90 walifariki kwa kiwango cha chini kuliko wengine katika mwaka uliofuata. Ulikuwa uchunguzi wa kumbukumbu, na huenda walioanza walikuwa na afya bora tangu mwanzo. La kushangaza ni kwamba walioanza walikuwa asilimia 1.5 tu, tena katika nchi yenye fedha.

Kabla ya kuruhusiwa

Siku ya kutoka wodini huwa ya haraka. Ndugu wanakimbizana na dirisha la malipo, mgonjwa ameshavaa, gari linasubiri. Ndiyo siku ambayo mambo machache yakiulizwa huokoa fedha nyingi.

Mgonjwa avute inhela yake mbele ya muuguzi, na muuguzi amrekebishe. Wengi hubonyeza kabla ya kuvuta, au huvuta kwa pua, na dawa huishia kwenye ulimi. Familia ijue ni inhela ipi ya kila siku na ipi ya dharura, na ile ya kila siku inapatikana wapi ikiisha. Ijue tarehe ya kurudi kliniki, ambayo ni vyema iwe ndani ya wiki chache. Chanjo ya mafua iulizwe pale inapopatikana. Na ijulikane hali ipi haisubiri asubuhi: kushindwa kumaliza sentensi, midomo kugeuka rangi ya buluu, usingizi usio wa kawaida au kuchanganyikiwa.

Wapo wachache ambao oksijeni yao hubaki chini hata baada ya kutulia kwa wiki kadhaa. Hao hufaidika na oksijeni ya nyumbani kwa angalau saa 15 kwa siku. Utafiti wa Uingereza wa mwaka 1981, uliofuatilia wagonjwa 87 kwa miaka mitano, ulikuta waliofariki ni 19 kati ya 42 waliopewa oksijeni hiyo, na 30 kati ya 45 ambao hawakupewa. Uamuzi huo hufanywa na daktari baada ya kupima, si kwa kukisia, na nyumba isiwe na mvutaji sigara wala jiko la moto karibu na mashine.

Mashine ya nyumbani inayochuja oksijeni kutoka hewani haihitaji mtungi kujazwa, bali inahitaji umeme. Ile ya lita 5 kwa dakika hutumia takriban wati 350, hivyo kwa saa 15 hula uniti 5 na robo, au zaidi ya uniti 150 kwa mwezi. Familia inayokusudia kuinunua iweke hesabu ya Luku pembeni ya bei ya mashine, na iwe na mtungi mdogo uliojazwa kwa usiku ambao umeme utakatika.